Mmoja Ashike Usukani, Mmoja Ashike Pumzi

Ndugu madereva, ndugu walezi, wauguzi mliokuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, na ninyi mnaopumua kwa mashine ambao viti vyenu vimepangwa hapa mbele: asanteni kwa kuja. Wazee wangu, shikamooni. Nimeombwa nizungumzie namna ya kumsafirisha kwa usalama mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu na asiyeweza kupumua bila mashine, katika gari lenye lifti au rampu. Mimi si daktari. Ni dereva, na ni dada wa mmoja wa waliokaa safu hii ya mbele.

Nitaanza na siku ambayo nusura nimpoteze.

Mdogo wangu alivunjika shingo akiwa na miaka 19. Uti wa mgongo uliumia juu kabisa, karibu na kichwa, mahali ambapo amri ya kupumua hupita kutoka kwenye ubongo kwenda kwenye kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu unaovuta hewa. Tangu hapo ana tundu dogo shingoni. Ndani ya tundu hilo kuna mrija wa trakeostomi, na kwenye mrija huo umeungwa mpira unaotoka kwenye mashine ya kupumulia iliyofungwa nyuma ya kiti chake. Mashine ikisukuma hewa, kifua kinapanda. Mashine ikinyamaza, kifua nacho kinanyamaza. Hana pumzi ya akiba hata moja.

Siku hiyo tulikuwa tunatoka kliniki. Mlezi aliyepaswa kupanda nasi alipata dharura ya kwao akaondoka mapema. Nikajiambia ni dakika 20 tu, na barabara ninaijua. Nikampandisha mwenyewe, nikakifunga kiti mwenyewe, nikakaa kwenye usukani. Vioo vilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Tulipopita kwenye tuta, nilihisi gari limeruka kidogo zaidi ya nilivyotaka, basi, nikaendelea. Kumbe mkanda mmoja wa mbele wa kiti ulikuwa umelegea. Kiti kiliyumba, mpira uliokuwa umelalia mkono wa kiti ukavutwa, ukachomoka shingoni.

Mashine ilianza kupiga kelele. Sikuisikia. Pembeni yangu kulikuwa na lori kubwa, na injini yake ilimeza kila sauti. Nilichosikia ni kitu kingine kabisa, kidogo sana: ulimi. Ta, ta, ta. Mtu ambaye mashine yake imekatika hana hewa ya kupitisha kwenye koo, kwa hiyo hawezi kuita wala kupiga yowe. Kinachobaki kwake ni kugonga ulimi kwenye kaakaa. Nikatazama kioo cha ndani, nikamwona midomo inacheza bila sauti na macho yamenikodolea.

Nilikuwa njia ya katikati. Ilibidi nimsubiri mwenye lori apite, niwashe taa za hatari, nitoke pembeni, nisimame, nifungue mkanda wangu, nishuke, nizunguke, nivute mlango. Vidole vyangu vilikuwa vinatetemeka kiasi kwamba mara ya kwanza nilikosa kuuingiza mpira. Ukaingia mara ya pili. Kifua kikapanda. Mimi sikujua muda uliopita. Yeye anaujua, kwa sababu alikuwa anahesabu. Alifika 70.

Tulikaa pale kando ya barabara muda mrefu. Sauti ilipomrudia, hakunilaumu. Alisema, "Dada, usiniendeshe tena ukiwa peke yako."

Neno hilo ndilo limenileta hapa, na kila nitakalolisema leo linazunguka humo. Gari linalombeba mtu anayepumua kwa mashine linahitaji watu wawili wazima, mbali na msafiri mwenyewe. Mmoja anaendesha. Wa pili anakaa karibu na msafiri, mahali anapouona uso wake na kifua chake, na mkono wake unafika shingoni kwake bila kunyanyuka. Huyo wa pili hana kazi nyingine. Hajibu simu, hasinzii, hakai kiti cha mbele kupiga soga na dereva. Na awe amefundishwa: anajua kuunga mpira, anajua kufyonza makohozi, anajua kutumia mfuko wa kupumulia kwa mkono, ule unaominywa kumsukumia mtu hewa mashine ikigoma. Kumweka pale jirani mwenye moyo mwema ambaye hajawahi kuugusa mpira huo ni kujidanganya.

Najua linalofuata. Nitaambiwa watu hawatoshi, fedha hazitoshi, safari ni fupi. Ndugu zangu, ubongo usiopata hewa huanza kuharibika ndani ya dakika chache. Nne, tano, sita hivi. Hesabuni wenyewe dereva aliye peke yake anatumia muda gani kutoka katikati ya msongamano hadi kumfikia mtu nyuma. Safari fupi haipunguzi hesabu hiyo.

Na jambo hili si geni. Mwaka 1936 Mmarekani mmoja, Fred Snite, alipatwa na polio akiwa China, akawa anaishi ndani ya pafu la chuma, lile pipa kubwa la kupumulia lililomwacha mtu kichwa tu nje. Mwaka 1939 alivuka bahari hadi Lourdes, mji wa hija wa Wakatoliki huko Ufaransa, akiwa ndani ya pipa lake. Alisafiri na wauguzi na wasaidizi. Mashine ilikuwa na uzito wa mamia ya kilo, na bado alitoka nyumbani. Leo mashine za kubebeka nyingi zina kilo 5 au 6. Uzito umepungua sana. Haja ya jicho la mtu haijapungua.

Sasa twende kwenye gari lenyewe.

Sisi madereva tuna msemo tunaoupenda: ajali haina kinga. Naomba leo tuuache nje ya mlango. Kuna kinga nyingi, na nyingine ni mikanda iliyolala sakafuni kwenye vumbi ambayo hatuikazi.

Kuna kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 7176-19. Kinahusu viti vya magurudumu ambavyo mtu atavikalia ndani ya gari linalotembea. Kiti hupimwa kikiwa kimeelekezwa mbele, kimefungwa kwa mikanda minne, kikiwa na sanamu ya mtu, kisha kinasimamishwa ghafla kutoka mwendo wa kilomita 48 kwa saa. Katika kishindo kile kila kitu huvuta mbele kwa nguvu ya kama mara 20 ya uzito wake. Kiti cha umeme chenye kilo 150 kinavuta kama mzigo wa tani 3. Mashine ya kupumulia yenye kilo 6, ikiwa imewekwa tu kwenye siti ya pembeni, inaruka kama mzigo wa kilo 120. Nani atakuwa mbele yake? Mara nyingi ni msafiri yule yule ambaye inampa pumzi.

Kwa hiyo mashine hufungwa. Ama kwenye kishikizo chake kwenye kiti, kile kilichotengenezwa kwa ajili yake, ama kwenye gari kwa mikanda ya kweli. Vivyo hivyo mashine ya kufyonza makohozi, betri za akiba na mtungi wa oksijeni kama upo. Kamba ya mpira yenye ndoano, ile ya kufungia mizigo, haitoshi. Inavutika, na kitu kinachovutika hakishiki wakati wa kishindo.

Kiti kielekee mbele. Kila mara. Kukiweka upande kwa sababu nafasi ni ndogo ni hatari, maana mtu hugongwa ubavuni na shingo yake haina pa kuegemea. Mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, ishikwe kwenye fremu ya kiti, mahali pagumu. Viti vilivyopimwa vina alama ya ndoano kwenye sehemu nne za kufungia, itafuteni, ipo. Msifunge kwenye gurudumu, kwenye mkono wa kiti, kwenye sehemu ya miguu, wala kwenye kitu chochote kinachochomoka kwa mkono. Mikanda ya nyuma ndiyo inayobeba nguvu kubwa gari likigonga mbele, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kutazama kama imechakaa au uzi umeanza kukatika. Ya mbele ikilegea kiti hucheza, na mmesikia kilichonipata. Baada ya kukaza, shika kiti kwa mikono miwili ukitikise kwa nguvu. Kikicheza zaidi ya upana wa kidole, hujamaliza. Reli za sakafuni zisafishwe, kwani changarawe moja ikikaa ndani ya reli inaweza kuzuia ndoano isijifunge sawasawa huku wewe ukiamini imejifunga.

Kufunga kiti ni jambo moja, kumfunga mtu ni jingine. Nimeona mara nyingi mtu anasema "yuko salama, ana mkanda," kumbe anaonyesha ule mkanda mdogo wa kiti unaomsaidia kukaa wima. Ule si wa ajali. Msafiri anahitaji mkanda wa gari unaopita chini kwenye mifupa ya nyonga, na mwingine unaopita begani na kifuani. Wa nyonga upite ndani ya mikono ya kiti ugusane na mwili, usipande juu ya mikono ya kiti na kuacha uwazi, maana hapo mtu huteleza chini na mkanda unapanda tumboni. Wa begani ukae katikati ya bega. Na hapa kwa watu wetu kuna la ziada: usipite juu ya mrija wa shingoni, wala usiubane mpira. Ukiona unakaribia shingo, usiupeleke chini ya kwapa. Badilisha mahali unapotokea ukutani. Angalieni pia mfuko wa mkojo na mpira wake. Mtu aliyeumia uti wa mgongo juu, mkojo ukizuiwa na mkanda, anaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla, kichwa kikampasuka kwa maumivu, uso ukamwiva, na ni hali ya kuua. Akisema kichwa kinamuuma kama kinagongwa nyundo, simameni, mtafute kilichobana.

Kiti cha kulala kinyanyuliwe. Wengi wa wapendwa wetu husafiri wakiwa wameegemea nyuma sana kwa sababu ndivyo wanavyopumua vizuri, na hilo tunalielewa. Lakini kadiri mtu anavyolala ndivyo mkanda wa begani unavyoachana na mwili. Wataalamu husema mgongo wa kiti usizidi nyuzi 30 kutoka wima gari likitembea. Na kichwa kiwe na kiegemeo imara nyuma yake. Meza ya kiti ivuliwe ifungwe pembeni.

Sasa niseme kuhusu mpira, maana hapo ndipo tunapoteza watu, na mara nyingi gari likiwa limesimama.

Tunaogopa barabara. Lakini tazameni safari nzima: kutoka kitandani kwenda kitini, mlangoni, kwenye lifti, ndani, kufunga, kuungwa kwenye umeme wa gari, kisha yote hayo kinyumenyume. Kila hatua mpira unaweza kunasa. Hunasa kwenye kitasa, kwenye ndoano ya mkanda, kwenye bawa la lifti linaloinuka, kwenye mguu wa mlezi anayepita. Mpira ulegee kiasi cha kumruhusu ageuze kichwa, usilegee kiasi cha kuning'inia nje ya kiti. Ushikizwe kwenye nguo au kwenye kiti karibu na bega, ili ukivutwa, mvuto uishie begani badala ya shingoni. Kibanio kidogo cha nguo kinafanya kazi hiyo. Siku ile ningekuwa nacho, huenda nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia.

Kwenye lifti, kiti kiingie taratibu, mgongo uelekee kwenye gari kama mtengenezaji wa lifti alivyoelekeza, breki zikazwe, na cha umeme kizimwe. Nasema kizimwe kwa sababu mkono wa mlezi, au mkoba, ukigusa kile kijiti cha kuendeshea lifti ikiwa juu, kiti kinaondoka. Mlezi asipande naye juu ya lifti ile. Asimame chini au ndani, uso kwa uso naye, na macho yake yafuate mpira kuanzia kwenye mashine hadi shingoni, tangu lifti inapoinuka mpaka inapotulia. Dereva anabonyeza, mlezi anatazama. Tena wawili.

Kuna kitu kimoja cha nyumbani ambacho hakipaswi kuja safarini kikiwa kimejaa: chombo cha maji ya moto cha kulainisha hewa. Gari likiinama, maji yanaweza kuingia kwenye mpira na kushuka mapafuni. Pia kinakula umeme mwingi. Safarini watu hutumia kile kichujio kidogo kinachokaa karibu na shingo, wanachokiita pua bandia, ambacho hunasa unyevu wa pumzi inayotoka na kuurudisha kwenye pumzi inayoingia. Kikijaa makohozi kinaziba, kwa hiyo beba vya ziada. Na blanketi: mipira mingine ina tundu dogo la kutolea hewa iliyokwisha kutumika. Mlezi mwenye upendo akimfunika msafiri hadi kidevuni, anaweza kuliziba tundu lile bila kujua, na mtu akaanza kuvuta tena hewa chafu aliyoitoa. Hali kadhalika sehemu ya nyuma ya mashine inapovutia hewa. Isizibwe na koti.

Umeme. Betri ya mashine ina saa zake zilizoandikwa kwenye kitabu, na saa zile ni za betri mpya. Betri ya miaka mitatu haifiki huko. Kanuni yangu ni kubeba umeme wa mara mbili ya muda wa safari, bila kuhesabu umeme wa gari. Umeme wa gari ni nyongeza, usiufanye tegemeo. Ile soketi ya dashibodi huweza kukata ukizima injini. Fyuzi yake inaweza kuungua bila kutoa hata cheche ya kukuonya. Inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa gari uwe kama wa nyumbani, nyingine za bei rahisi hutoa umeme wa mawimbi yasiyo laini ambao mashine za hospitali hazivumilii, kwa hiyo ulizeni mtengenezaji wa mashine yenu anakubali kitu gani. Washeni injini kwanza, ndipo muunganishe, kwa kuwa wakati wa kuwasha umeme hushuka ghafla. Halafu tazameni taa ya mashine inayoonyesha inapokea umeme wa nje. Waya ukiwa umeingia, hilo peke yake si ushahidi. Mkifika, chomoeni kabla ya kukifungua kiti. Na mashine ya makohozi nayo ina betri, msiisahau kwenye chaja nyumbani.

Joto nalo. Aliyeumia uti wa mgongo juu hatoki jasho sawasawa, mwili wake haujipozi wenyewe. Gari lililoanikwa juani huchemka ndani ya muda mfupi. Lipozeni kwanza, yeye apande mwisho, ashuke wa kwanza. Asiachwe humo peke yake "mara moja tu," hata kwa dakika ya kulipia maegesho. Nimesema asiachwe kwa sababu ya joto, na pia kwa sababu ya ulimi ule unaogonga ndani ya gari lililofungwa vioo.

Walezi, mfuko wa kupumulia kwa mkono unakaa wapi? Sitaki kusikia "ndani ya begi." Begi gani, chini ya nini? Unaning'inia kwenye kiti cha msafiri, upande wa mlezi, umeshaungwa kiunganishi chake, tayari kuingia shingoni. Mfuko ule una historia inayostahili heshima. Mwaka 1952 polio ilipoufurika mji wa Copenhagen, daktari Bjørn Ibsen alishauri wagonjwa watobolewe tundu kooni na wasukumiwe hewa kwa mfuko, kwa mkono. Mashine hazikutosha, basi wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana, usiku na mchana, kuminya mifuko. Miaka minne baadaye, huko huko Denmark, ukatoka mfuko unaojijaza wenyewe hewa, usiohitaji mtungi wa oksijeni. Huo ndio babu wa mfuko mlionao. Hauna betri, hauna fyuzi, hauna waya. Unahitaji mkono wa mtu aliyekaa karibu, basi.

Mashine ikilia, mtazame mtu kwanza. Kifua kinapanda? Midomo ina rangi gani? Anakuambia nini kwa macho? Mpira ukiwa umechomoka, urudishe. Kama sababu huioni papo hapo, usibaki kusoma maandishi kwenye skrini. Chomoa mashine, unga mfuko, minya taratibu mpaka uone kifua kikipanda, achia, na urudie kila baada ya sekunde 5 hivi. Yeye akipumua, sasa una nafasi ya kuichunguza mashine. Mfuko ukiwa mgumu kuminya, njia imeziba, mara nyingi ni makohozi, fyonza. Mrija ukitoka wote shingoni, hiyo ni dharura ambayo lazima muuguzi awe amewafundisha kwa mikono yenu, si kwa kusimuliwa kwenye ukumbi kama huu. Ndiyo maana mrija wa akiba wa saizi ile ile, na mwingine mdogo kwa saizi moja, lazima uwemo garini.

Na wewe dereva, wakati hayo yanatendeka nyuma, kazi yako ni gari. Usigeuke. Washa taa za hatari, tafuta mahali salama, simama, weka breki ya mkono, kisha piga simu ya dharura na utaje mlipo. Madereva wenzangu hunikatalia hapa, wanasema moyo hauruhusu kuendelea kutazama mbele wakati mtu anahangaika nyuma. Nawaelewa. Mimi nilikuwa na mtu huyo nyuma, na ni damu yangu. Lakini ukigeuka mkiwa mwendoni, utawaua wote watatu. Ndiyo sababu mmegawana kazi kabla ya kuondoka. Hata kufyonza makohozi, ikiwezekana, gari lisimame kwanza, kwa sababu mkono unaopita kwenye shimo la barabara ukiwa umeshika mrija ndani ya koo unaweza kujeruhi.

Endesheni pia kwa namna inayomsaidia mwenzenu wa nyuma. Matuta kwa mwendo wa kutembea. Kona pana. Breki mapema na laini, maana mtu ambaye misuli ya shingo haimshiki, breki ya ghafla humpeleka kichwa mbele na kuukunja mpira. Redio izimwe. Vioo vikibidi kufunguliwa, viwe vya upande ambao mlezi bado anaisikia mashine.

Nimelichelewesha jambo ambalo mdogo wangu alitaka liwe la kwanza. Mwenye safari ni yeye. Anaijua mashine yake kuliko sisi. Anajua mlio wake wa kawaida, na huhisi pumzi ikipungua kabla ya kengele kulia. Kabla ya kuwasha gari, mimi husimama mbele yake na kumwuliza maswali ambayo amenifundisha mwenyewe: hewa inatosha? Mpira haukuvuti? Mkanda haukubani popote? Kichwa kimeegemea? Kisha tunakubaliana ishara. Kwake, kugonga ulimi mara tatu ni "simama sasa hivi," na kufumba macho kwa muda mrefu ni "niko sawa." Wengine hutumia kibonyezo kinachopiga kengele kwa dereva. Wengine hawana ulimi unaogonga wala kidole kinachobonyeza, na hao ndio wanaohitaji zaidi jicho lisiloondoka usoni kwao. Msimwulize mlezi, "anajisikiaje?" wakati mwenyewe yuko mbele yenu na anasikia. Na akisema leo hasafiri, kwa sababu usiku alikuwa na makohozi mazito na mapafu hayajatulia, safari imeahirishwa. Hatubishani naye.

Wapo watakaoniambia, baada ya yote haya, basi si afadhali akae nyumbani? Nimeulizwa hivyo na watu wenye nia njema. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006 unazungumzia haki ya kwenda utakako, kwa namna na wakati unaouchagua. Mdogo wangu haendi kliniki tu. Alikwenda kwenye harusi ya binamu yetu. Alikwenda kutazama mpira akakaa pembeni ya uwanja mpaka kipenga cha mwisho, mlezi akiwa na mkono kwenye kishikizo cha kiti. Wiki iliyopita aliomba tu tuzunguke, bila mahali pa kwenda, na tukazunguka.

Gari liko nje, mlango wa nyuma uko wazi. Tutatoka kwa makundi ya watu sita. Kila mmoja atakaza mkanda mmoja na kukitikisa kiti, na kila mmoja atashika mfuko na kuminya kwa dakika mbili kamili kwenye sanamu ya mafunzo, nami nitakuwa nimeshika saa. Mdogo wangu atakuwa ndani, kwenye kiti chake, mlezi wake pembeni. Mkikosea, atagonga ulimi. Kundi la kwanza, karibuni.